Tatu, Nne, Tano: Kiswahili cha Jaladani katika Vijitabu vya Ushairi vya Wachapishaji Wadogo

Mnamo mwaka 1934, katika kijiji cha Medstead, Hampshire, nchini Uingereza, shirika dogo la uchapishaji lililojiita Azanian Press lilitoa utendi wa Mwana Kupona binti Msham, ukiwa umehaririwa na Alice Werner na William Hichens. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, na kwa zaidi ya miaka sabini ulikuwa umesafiri kwa nakala za mkono na kwa vifua vya wanawake wa upande wa Lamu. Ndani ya kitabu hicho kidogo mlikuwa na Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Jina lililoandikwa nje lilikuwa The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty. Mtu aliyekiona kikiwa kimefungwa angeshtuliwa na jina la mtunzi tu. Mengine yote yalimwambia kwamba anashika kitabu cha Kiingereza.

Mwaka 2016, shirika jingine dogo, Akashic Books la Brooklyn, New York, lilitoa sanduku la vijitabu vya ushairi lenye jina New-Generation African Poets: A Chapbook Box Set, na baada ya jina hilo neno moja la Kiswahili: Tatu. Mwaka 2017 likafuata Nne, 2018 Tano, 2019 Sita, 2020 Saba. Baadaye yakaja Nane, Tisa na Kumi. Ndani ya masanduku haya lugha ya ushairi ni Kiingereza. Kati ya Medstead na Brooklyn, basi, mambo yamegeuka mithili ya kanzu iliyovaliwa ndani nje: kule Kiswahili kilikuwa mwilini na Kiingereza jaladani, huku Kiswahili kiko jaladani na Kiingereza mwilini.

Uhakiki huu unachunguza mgeuko huo. Hoja yake si kwamba Kiswahili cha masandukuni ni pambo tupu. Hoja ni kwamba Kiswahili hicho kinahesabu lakini hakisemi, na kwamba jambo hili lina gharama kwa mtunzi wa Afrika Mashariki anayeanza, kwa kuwa kijitabu ndicho mlango ambao washairi wa kizazi hiki wameingilia katika fasihi ya dunia. Mlango huo umepewa jina kwa lugha yake. Lugha yenyewe haijapita humo.

Maeneo yanayosomwa hapa ni yale ambayo Gérard Genette, katika Seuils (1987), aliyaita vizingiti: jina la kitabu, jalada, mfululizo, utangulizi, na vyote vinavyomkuta msomaji kabla hajaufikia ubeti wa kwanza. Mashairi yenyewe yanastahili uhakiki wao wa pekee, na wapo walioanza kuufanya. Lakini vijitabu hivi ni kazi ambayo vizingiti vyake ni vingi kuliko kawaida. Mshairi mmoja huwa na kijitabu chake, kijitabu huwekwa katika sanduku pamoja na vya wenzake, sanduku lina utangulizi wake ulioandikwa na wahariri Kwame Dawes na Chris Abani, na sanduku zima huingizwa katika mfululizo wenye namba. Msomaji huvuka milango minne kabla ya kukutana na mtunzi, na mlango wa nje kabisa ndio wa Kiswahili.

Kijitabu na ngazi yake

Neno kijitabu katika matumizi ya kila siku lina maana pana. Kijitabu cha kliniki ni kijitabu, kijitabu cha dua ni kijitabu, na hata maelezo ya mtihani yaliyobanwa kwa pini mbili huitwa hivyo. Kinachozungumziwa hapa ni chapisho jembamba la mshairi mmoja, lenye mashairi machache yanayoshikana kwa dhamira au kwa sauti, na ambalo kwa kawaida hutangulia diwani yake ya kwanza. Wachapishaji wakubwa hawalitaki kwa sababu halina faida. Mgongo wake hauna hata nafasi ya kuandika jina, hivyo rafuni halionekani. Ndiyo maana limekuwa mali ya mashirika madogo, na ndiyo maana pia wazo la kuvitia vijitabu katika sanduku lilikuwa la busara. Sanduku lina mgongo.

Mradi wenyewe ulizaliwa ndani ya African Poetry Book Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Nebraska huko Lincoln. Sanduku la kwanza, Seven New Generation African Poets, lilitoka mwaka 2014 kwa ushirikiano na Slapering Hol Press, shirika dogo la kituo cha waandishi cha Hudson Valley, New York. La pili, Eight New-Generation African Poets, lilitoka mwaka 2015 kwa Akashic. Mle mwa kwanza mlikuwamo Clifton Gachagua wa Kenya, Nick Makoha aliyezaliwa Uganda, Ladan Osman aliyezaliwa Somalia, na Warsan Shire aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi Wasomali na kukulia London. Kati ya washairi saba, wanne walikuwa na mizizi katika Afrika Mashariki.

Nini kiliwapata baadaye? Ladan Osman alishinda tuzo ya Sillerman ya diwani ya kwanza, na The Kitchen-Dweller's Testimony ikatoka mwaka 2015. Makoha alitoa Kingdom of Gravity mwaka 2017. Safia Elhillo, ambaye kijitabu chake Asmarani kilikuwa katika sanduku la Tatu, alitoa The January Children mwaka 2017. Njia ya Warsan Shire ilianzia kwa mchapishaji mdogo mwingine: Teaching My Mother How to Give Birth, kilichotolewa na flipped eye la London mwaka 2011, kilikuwa chembamba mno, lakini kufikia 2016 mashairi yake yalikuwa yakisikika katika Lemonade ya Beyoncé. Mfano wa Gachagua unavunja kidogo utaratibu huu, maana alikwisha kuishinda tuzo ya Sillerman mwaka 2013, na diwani yake Madman at Kilifi ilitoka 2014, mwaka uleule wa kijitabu chake The Cartographer of Water. Hata hivyo sura ya jumla haibadiliki. Kijitabu ni ngazi ya chini ya jengo lenye tuzo, chapa ya chuo kikuu, mialiko, na nafasi za kufundisha. Anayekosa ngazi hiyo hujikuta akilitazama jengo kutoka uani.

Namba na wanaozisikia

Majina ya masanduku yanahitaji kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake mna badiliko ambalo msomaji wa Kiingereza hana sababu ya kulitambua. Masanduku mawili ya mwanzo yaliitwa Seven na Eight kwa kuwa yalihesabu washairi: washairi saba, washairi wanane. Kuanzia la tatu, hesabu ikaacha watu ikashika masanduku. Tatu maana yake ni sanduku la tatu. Kwa hiyo maktaba iliyonunua mfululizo mzima ina Seven ya 2014 na Saba ya 2020 katika rafu moja. La kwanza linahesabu watunzi, la pili linahesabu miaka ya mradi. Anayejua lugha zote mbili huona kichekesho kidogo hapo. Asiyejua Kiswahili huona namba ya kuvutia, na hakuna kitu katika jalada kinachomwambia kwamba kipimo kimebadilika.

Badiliko hili si dogo. Kiingereza kilipokuwa ndicho kinachohesabu, kiliwahesabu washairi. Kiswahili kilipopewa kazi ya kuhesabu, kilipewa bidhaa.

Zaidi ya hayo, namba za Kiswahili zimesimama pale pasipo nomino, na Kiswahili ni lugha ambayo sehemu kubwa ya namba zake hudai nomino. Tatu, nne, tano na nane huvaa viambishi vya ngeli: vijitabu vitatu, washairi wanne, mashairi matano, miaka minane. Sita, saba na tisa zilizotoka katika Kiarabu hazivai kitu. Wala kumi haivai. Namba ya mpangilio nayo hudai kihusishi: sanduku la tatu, kijitabu cha nne. Tatu iliyo peke yake ni namba ya mtu anayehesabu kwa sauti bila kusema anahesabu nini, kama mpishi anayepima vibaba vya mchele kimoyomoyo. Mwanaisimu angeongeza kwamba mfululizo huu umevuka mpaka wa kihistoria pasipo kujua, kutoka Tano ya Kibantu kuingia Sita na Saba za Kiarabu, kurudi Nane, kisha kuingia tena Tisa, ilhali utenzi wa kale ungeweza kuwapa wahariri tandatu na kenda. Hakuna anayeweza kuwadai wahariri elimu hiyo. Dawes alizaliwa Ghana akakulia Jamaika, Abani ni Mnaijeria, na hakuna kati yao aliyewahi kujidai mjuzi wa Kiswahili.

Lakini namba hizi zina masikio yake. Kwa msomaji wa mwambao, sita inaweza kuamsha mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Kwa Mtanzania, saba hairudiwi mara mbili bila kukumbusha tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. Nane ikirudiwa ni sikukuu ya wakulima. Kwa Mkenya wa makamo, Saba Saba ni 7 Julai 1990, siku ya maandamano ya kudai vyama vingi, virungu na gesi ya machozi. Sanduku la washairi vijana wa Afrika linaloitwa Saba lingeweza kusikika Nairobi kama tamko. Halikusikika hivyo, kwa sababu halikuelekezwa huko.

Hapa ndipo hukumu ya haraka inapoweza kukosea. Ni rahisi kusema kwamba namba hizi ni kiziwi. Kwa kweli zinasikiliza, ila zinasikiliza mapokeo mengine. Kiswahili kina historia yake katika Marekani ya watu weusi, nayo ni historia ya heshima. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa na kuiwekea misingi iliyoitwa Nguzo Saba. Mwaka 1971 Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa Moja Means One, kitabu cha watoto cha kuhesabu kwa Kiswahili, chenye picha za Tom Feelings. Mwaka uliofuata kilipata heshima ya Caldecott, moja ya heshima kubwa za vitabu vya picha nchini humo. Kwa watoto wengi wa Kimarekani wenye asili ya Afrika, Kiswahili kilianza kama moja, mbili, tatu. Hakikuwa lugha ya soko wala ya ofisi ya kijiji. Kilikuwa ishara ya bara ambalo lugha zake hasa walikuwa wamenyang'anywa. Pembeni ya hilo, Wole Soyinka, katika miaka ya 1970, alikitetea Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuandikia humo. Tatu ya Brooklyn ni mjukuu wa mapokeo haya. Aliyeitoa hakuvamia nyumba ya mtu. Alichukua urithi kutoka kwa ami yake.

Pamoja na hayo, urithi wa ishara una mpaka wake. Ishara husema Afrika kwa jumla. Haisemi Tanga, haisemi Kisangani, haisemi Wete. Kitabu cha Feelings kilikuwa kitabu cha watoto wa lugha nyingine, na kilitimiza ahadi yake yote kilipofika kumi. Mfululizo wa ushairi unaojitambulisha kwa kizazi kipya cha Afrika umeahidi zaidi ya hapo. Sanduku linapoitwa kwa lugha yenye mapokeo ya maandishi ya karne kadhaa, kisha mashairi ya lugha hiyo yasionekane ndani, msomaji mgeni hujifunza jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: kwamba Kiswahili ni lugha ya kuitia vitu majina, na Kiingereza ni lugha ya kufikiria ndani yake.

Sahani zilizovunjika

Kasoro hii haiwezi kubebeshwa umbali peke yake. Nairobi, Kwani Trust, iliyoanza mwaka 2003, ilitoa jarida lenye jina la Kiswahili, Kwani?, na baadaye vijitabu vya mfukoni vya mfululizo wa Kwanini, ambamo zilitolewa kazi kama Weight of Whispers ya Yvonne Adhiambo Owuor na How to Write About Africa ya Binyavanga Wainaina. Jarida liliwapa Sheng na Kiswahili nafasi kwa vipindi, na hilo linastahili kukumbukwa. Vijitabu vilivyojulikana zaidi, hata hivyo, vilikuwa vya Kiingereza. Jina la mtaani, mwili wa darasani. Mchapishaji aliyekuwa umbali wa basi moja kutoka kwa msomaji wa Kiswahili alifanya uteuzi uleule wa mchapishaji wa ng'ambo. Sababu yake inaeleweka: msomaji wa vitabu vya fasihi mjini Nairobi aliyekuwa na fedha za kununua alikuwa amesomeshwa kusoma riwaya kwa Kiingereza na kutunza Kiswahili kwa ajili ya mtihani.

Katika sanduku la Tatu lenyewe wamo watunzi ambao Kiswahili kiko karibu nao: Ngwatilo Mawiyoo wa Kenya na kijitabu Dagoretti Corner, chenye jina la njia panda ya Nairobi inayojulikana na kila abiria wa matatu, na Nyachiro Lydia Kasese wa Tanzania na Paper Dolls. Haitakuwa haki kuwauliza kwa nini hawakuandika kwa Kiswahili. Mshairi huandika kwa lugha inayomjia, na swali hilo lina desturi mbaya ya kuulizwa kwa Waafrika peke yao. Swali la haki linaelekezwa kwa taasisi: kama Mtanzania mwingine wa rika lao angekuwa na mashairi ishirini ya Kiswahili yenye uzito uleule, angeyapeleka wapi?

Kijitabu kimoja katika mfululizo huu kinalijibu swali hilo kwenye jina lake kwa uaminifu kuliko vizingiti vingine vyote. Ni kile cha Mkenya Alexis Teyie, Clay Plates: Broken Records of Kiswahili Proverbs. Jina hilo linacheza na maana mbili za kumbukumbu iliyovunjika: kumbukumbu iliyoandikwa kisha ikapasuka, na santuri iliyokwaruzika inayorudia palepale. Methali za Kiswahili zimefika katika Kiingereza zikiwa vigae. Teyie hajidai kwamba sahani ni nzima. Jalada la sanduku linasema neno moja la Kiswahili kana kwamba halina hitilafu. Jalada la kijitabu kilichomo ndani linakiri kwamba kitu kimevunjika njiani. Kwa maoni ya uhakiki huu, jina hilo ndilo maelezo bora zaidi ya hali ya Kiswahili ndani ya mfululizo, na limetolewa na mshairi mwenyewe, tena kwenye kizingiti.

Kwa nini Kiswahili hakikuwa na sanduku lake

Jibu la kawaida ni umaskini: karatasi ghali, soko dogo, wachapishaji wanaoishi kwa vitabu vya shule. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kiswahili kimekuwa na machapisho mengi membamba. Utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy ulitoka mwaka 1955, na ule wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini mwaka 1957, vyote vikiwa nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kwa umbo ni vijitabu. Kwa kazi ni kitu kingine: vilitolewa ili kuhifadhi tungo za watu wazima au waliokwisha kufariki, havikutolewa ili kumtambulisha kijana.

Kijana alitambulishwa kwingine. Tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, ukurasa wa mashairi wa gazeti umekuwa kitalu cha watunzi wa Kiswahili; humo Shaaban Robert naye alizoeza kalamu yake. Gazeti lilikuwa na jambo ambalo sanduku la Brooklyn halina: majibizano. Mtunzi wa Tabora aliuliza fumbo, wa Mombasa akafumbua, wa Unguja akamkosoa vina vyake wiki ya tatu. Baadaye redio iliongeza sauti. Katika utamaduni wa namna hiyo kijitabu cha mtu mmoja aliyejitenga na wenzake kingekuwa kitu cha ajabu kidogo, kama kuimba beti za kujibiwa ukiwa umejifungia chumbani. Kukosekana kwa kijitabu hakukuwa upungufu. Kazi yake ilikuwa inafanywa na chombo kingine, tena kwa wasomaji wengi zaidi.

Hasara yake ilijitokeza baadaye, ushairi ulipoingia chuo kikuu. Shairi la gazeti halishonwi. Mtunzi aliyechapisha tungo mia mbili katika kurasa za magazeti kwa miaka thelathini hana kitu cha kuwekwa katika orodha ya maktaba, na mtafiti wa leo, hata akimpenda, humwacha na kumchukua mwenye diwani. Utafiti wa ushairi wa Kiswahili unaohifadhiwa katika hazina za vyuo, ikiwemo hii, umeegemea mno diwani za wachapishaji wakubwa, hasa zilizowahi kuteuliwa kuwa vitabu vya kiada. Ni vigumu kuwalaumu wahariri wa Nebraska kwa kutowaona watunzi ambao idara za Kiswahili zenyewe zimewapita.

Kuna pia kumbukumbu nyingine ya karatasi nyembamba katika lugha hii, ambayo haihusu ushairi moja kwa moja. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika Kenya: Twendapi?, waraka wa kisiasa wa kurasa chache uliosambazwa kwa siri. Kwa waraka huo alifungwa miaka mitatu, na gerezani akatunga mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki (1973), diwani iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Hapa ngazi ilikuwepo: chapisho dogo likatangulia diwani. Lakini kilicholifanya chapisho hilo dogo kuwa kubwa ni kwamba lilisomwa na watu ambao liliwahusu, pale walipokuwa, katika lugha waliyoizungumza, kiasi cha kuitisha serikali. Kijitabu kilicho katika sanduku la toleo lenye nakala maalumu, kinachouzwa pamoja na vingine na kununuliwa zaidi na maktaba, kinamlinda mtunzi dhidi ya hatari hiyo. Kinamlinda pia dhidi ya msomaji huyo.

Mlango wa tafsiri

Ipo sehemu moja ambapo mfuko wa Nebraska na ushairi wa Kiswahili zilikutana ana kwa ana. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoasisiwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, iliweka katika utaratibu wake kwamba diwani bora itafsiriwe kwa Kiingereza na kuchapishwa na African Poetry Book Fund. Mshindi wa ushairi wa mwaka 2015 alikuwa Mohammed Khelef Ghassany, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa akiishi Ujerumani, kwa N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Kichwa hicho kina lahaja, kina kifupisho cha mdomoni, kina uchungu wa mtu aliye mbali. Ni jina ambalo jalada la Kiingereza lingepata taabu kulibeba.

Utaratibu huo ni wa ukarimu, na tuzo yenyewe, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imefanya kwa fasihi ya Kiswahili jambo ambalo serikali za kanda hazikulifanya kwa miongo. Lakini tazama njia inayomlazimu mtunzi. Wa Kiingereza huingia na kijitabu chembamba, akiwa bado anajitafuta, na hukubaliwa kwa ahadi iliyomo katika kurasa thelathini. Wa Kiswahili lazima aje na mswada mzima, ashinde wote, kisha aingie akiwa ametafsiriwa. Mmoja anaruhusiwa kuwa mwanafunzi; mwingine lazima awe amehitimu tayari. Na anapofika ndani, Kiswahili chake kimeachwa mlangoni pamoja na viatu.

Azanian Press, pamoja na ukoloni wake wote na lile jina lake la Kiingereza linalomfanya Mwana Kupona kuwa mwalimu wa adabu za mke, lilifanya jambo moja ambalo masanduku hayajalifanya. Liliweka Kiswahili na Kiingereza katika kitabu kimoja. Msomaji aliyetaka kuruka Kiswahili aliweza, lakini ilimbidi akiruke akikiona. Kijitabu kimoja cha namna hiyo ndani ya sanduku moja, mashairi kumi na tano ya mtunzi asiye na diwani, Kiswahili mkono mmoja na tafsiri mkono wa pili, kingeigharimu bajeti ya mradi ada ya mfasiri mmoja na kurasa kama kumi na tano za ziada. Wafasiri wapo, baadhi yao ndio wanaofasiri washindi wa tuzo.

Maktaba za ushairi ambazo mfuko huo ulianza kuzifungua mwaka 2014 ziliwekwa katika nchi tano: Botswana, Gambia, Ghana, Kenya na Uganda. Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo nchi ambayo namba hizi husikika katika kila duka la mtaa, mzani ukipanda na kushuka, haikuwa katika orodha ya kwanza ya mahali zingeweza kusomwa juu ya sanduku. Mtafiti wa Dar es Salaam au Dodoma anayetaka kuviona vijitabu hivi hutegemea zaidi nakala ya mtu aliyesafiri. Na huyohuyo mtafiti, akiamua kuandika tasnifu juu ya kijitabu cha Kiswahili cha kurasa thelathini alichojichapishia mshairi wa mjini kwake na kukiuza mkononi baada ya tamasha, atakutana na swali la kwanza la kamati: je, kazi hiyo imechapishwa na nani, na ina uzito gani wa kubeba shahada? Swali hilo limekwisha kuwaondoa watunzi wengi katika historia ya ushairi wa Kiswahili kabla hata ubeti wao haujasomwa.